"Ile Foto Haiko Mimi"

(Maneno haya yalisemwa na kikundi cha foto cha muungano wetu, mbele ya mkutano wa wanachama, hapa Nyakabere. Tumeyaandika karibu vile yalivyosemwa. Tumeacha tu pale watu walipocheka mpaka hatukusikilizana.)



Komite imetupa nusu saa. Walituomba tueleze ni kitu gani tunafanya kila Jumamosi na zile telefone, kwa sababu kuna wanachama wanaotuona tumesimama mlangoni, mtu anajipiga foto mwenyewe, na wanauliza kama tumekosa kazi. Swali hilo ni la haki. Mwezi tulioanza, kasha nyekundu ilikuwa imetoka kulipa matanga mawili na dawa za mgonjwa mmoja, na mzee wetu mmoja alisimama hapa hapa akasema: "Watu banalala njaa, ninyi munapiga masura." Mzee yupo leo, amekaa pale karibu na dirisha, na ameturuhusu tukumbushe maneno yake.

Tuanze na pesa, tumalize upesi. Hakuna franka hata moja ya muungano iliyoingia kwenye foto. Kasha nyekundu ni ya shida, kasha ya kijani ni ya mikopo, na hakuna aliyezigusa. Telefone ni zetu, nyingine vioo vyake vimepasuka. Mtu akitaka foto yake itoke kwenye karatasi, analipa mwenyewe labo ya mjini. Basi, upande wa pesa umekwisha.

Upande wa pili ni mrefu kidogo. Tunaomba kila mmoja akumbuke foto yake ya kwanza. Sisi katika kikundi tuliulizana jambo hilo siku ya kwanza kabisa, na karibu wote jibu lilikuwa moja: foto ya kwanza tunayoikumbuka ilipigwa kambini. Kwa wengine Lugufu, kwa wengine Nyarugusu, kule ng'ambo upande wa Kigoma, baada ya vita ya 1996 au ile ya 1998. Mnaitwa kwa namba. Jamaa yote inasimama, wakubwa nyuma, wadogo mbele. Usicheke, usifumbe macho, usigeuke. Inapigwa, inakwenda ofisini, na wanaofuata wanaingia. Halafu wakati wa kurudi, wale waliopanda meli Kigoma kuja kushuka Baraka tangu 2005 wanajua, tukapigwa tena, sisi na mizigo yetu. Ukihesabu vizuri, watu wa hapa tumepigwa foto mara nyingi sana maishani mwetu. Lakini ukija nyumbani ukasema "nionyeshe foto ya ujana wako," nitakuonyesha ukuta.

Kuna mama mmoja katika kikundi, alifiwa na binti yake kambini. Malaria. Mtoto alikuwa na miaka minne. Foto moja tu ya yule mtoto ilipigwa duniani, ile ya kuandikishwa, na ilibaki katika makaratasi ya ofisi. Mama anakumbuka kwamba mtoto alikuwa mbele ya miguu yake, na wakati ule ule wa kupigwa aligeuza kichwa kumwangalia kaka yake. Kwa hiyo hata ikipatikana leo itaonyesha sikio na shavu moja. Anasema angeipokea hivyo hivyo. Tangu aanze kuja Jumamosi, huyu mama anapiga wajukuu wake kila Jumapili mlangoni kabla ya kwenda paruasi, mmoja mmoja, na hakubali wapigwe pamoja tu. Kwanza kila mtoto peke yake. Hatukumuuliza sababu.

Jambo lingine linawahusu wafadhili, na tunaomba mtusikilize bila kukasirika, kwa maana hata sisi hatulisemi kwa hasira. Miaka kadhaa nyuma, baada ya mafuriko ya Aprili 2020, yale ya mto Mulongwe ulipobomoa nyumba za watu Uvira, alikuja mgeni kupiga foto za ripoti. Hatusemi alitoka wapi. Mwenzetu mmoja alikuwa amevaa kikwembe chake kizuri na viatu, kwa sababu aliambiwa wageni wanakuja, na mtu akija nyumbani kwako unavaa. Akaombwa avue viatu. Akaombwa ashike sufuria tupu. Sufuria haikuwa tupu, ilikuwa na sombe. Sombe ikamiminwa pembeni kwanza. Baadaye mtoto wake akaiona ile foto kwenye telefone ya rafiki, na chini yake imeandikwa kwamba huyu ni mjane wa mafuriko. Maji hayakufika kwake. Na mume wake alikuwa amekaa pale anakunywa chai! Tulicheka sana siku ile, mume alicheka kushinda wote. Lakini jioni yule mama akasema neno moja ambalo ndilo lilianzisha kikundi hiki. Alisema: "Ile foto haiko mimi."

Tukajiuliza: basi iliyo wewe ni ipi? Hakuwa nayo. Hakuna kati yetu aliyekuwa nayo.

Hapo kijana wetu mmoja aliyesoma akatuletea habari ya mtu anayeitwa Samuel Fosso, na tunapenda muisikie, kwa maana inafanana na za hapa. Fosso alizaliwa 1962 Kumba, Kameruni, akalelewa kwa babu na bibi yake Nigeria, na vita ya Biafra ikamkuta huko akiwa mtoto. Mama yake alikufa katika miaka ile. Yeye mwenyewe amesimulia kwamba utotoni viungo vyake vilikuwa dhaifu, na kwa ajili hiyo hakupigwa ile foto ambayo kwao kila mtoto mchanga alipigwa. Mwaka 1972 mjomba wake, fundi viatu, akamchukua mpaka Bangui, Afrika ya Kati. Kijana akajifunza kupiga foto kwa jirani, na 1975, akiwa na miaka 13, akafungua studio yake mwenyewe. Miaka 13! Wa kwetu katika umri ule bado tunamtuma maji.

Mchana alipiga watu foto za pasipoti, za arusi, za ubatizo. Lakini wazee wanakumbuka filimu ya zamani ilivyokuwa: lazima iishe ndipo uisafishe, na mteja anataka foto yake kesho. Kwa hiyo jioni, zikibaki chache mwishoni, Fosso alifunga mlango, akavaa nguo zake za fasheni, akasimama mbele ya kamera yake na kuzimaliza mwenyewe. Nyingine alizituma kwa bibi yake Nigeria, ili mzee aone kwamba mtoto ni mzima, anakula, anavaa. Ndiyo hivyo tu ilivyoanza, kwa mabaki ya filimu na bibi aliye mbali.

Nani hapa hana mtu mbali? Tuliondoka kambini njia mbili. Sisi tulirudi, na ndugu zetu wengine wakapandishwa ndege kwenda Marekani, Kanada, Australia. Wanapiga telefone usiku: "Mutume foto." Na sisi tunatuma nini? Tunatuma foto ya mgonjwa ili watume pesa ya dawa, foto ya manjanja yaliyong'olewa na upepo. Wao wanatuma foto wamesimama karibu na motokari. Miaka kumi tunaonyeshana hivyo, wao motokari, sisi kidonda. Dada mmoja wa kikundi alijipiga akiwa anakaanga ndagala, moshi umempiga macho, anacheka, akamtumia mdogo wake aliye Marekani. Mdogo akapiga saa ile ile, usiku wa manane kwao. Hakuuliza pesa ngapi inatakiwa. Aliuliza: "Ile sufuria ni ile ile ya mama?" Walizungumza mpaka unite zikakata.

Turudi kwa Fosso, tummalize. Mwaka 1994 foto zake zilionyeshwa Bamako kwenye maonyesho makubwa ya foto za Afrika, na tangu hapo amejulikana dunia nzima. Mwaka 2008 alijipiga amevaa kama viongozi mashuhuri wa watu weusi, na mmoja wao ni Lumumba wetu. Halafu 2014, vita iko Bangui, yeye yuko nje ya nchi, nyumba yake ikavamiwa na foto zake zikatupwa nje barabarani, zile za miaka yote. Waandishi wa habari waliokuwa wakipita walizitambua na kuokota nyingi walizoweza. Tuliposoma hapo, chumba kilinyamaza. Kila mtu alikuwa anahesabu ya kwake. Mzee mmoja alikuwa na bahasha ya foto za ndoa yake, aliifukia chini ya mti 1996 ndani ya mfuko wa nailoni. Aliporudi alikuta mti na nailoni.

Sasa, tunavyofanya. Hii sehemu tunaomba vijana wawasaidie wazee baadaye.

Kujipiga foto siyo kunyoosha mkono juu na kuvuta mdomo. Mkono ni mfupi, na telefone ikiwa karibu na uso, pua inakuwa kubwa na masikio yanakimbia nyuma. Wengi waliosema "mimi ni mbaya kwenye foto" walidanganywa na urefu wa mkono wao. Weka telefone kwenye tofali, iegemee bidoni ya njano iliyojaa maji ili isianguke. Tumia kamera ya nyuma, kwa telefone nyingi ndiyo inayoona vizuri zaidi. Kuna alama ya saa pale juu: unachagua sekunde 10, unabonyeza, unakwenda kusimama mahali pako hatua tatu mbali. Mara ya kwanza utakimbia na foto itatoka ukikimbia. Tunazo nyingi za namna hiyo, na nyingine ndizo nzuri kabisa.

Kabla ya yote, futa kioo cha kamera na kikwembe safi. Nusu ya foto zenye ukungu tulizoletewa ni mafuta ya vidole tu.

Mwanga ni mlango. Simama ndani hatua moja kutoka kizingiti, uso uelekee nje, asubuhi au jioni. Usisimame nje saa sita, jua la hapa linachimba macho yanakuwa mashimo. Na usisimame na ziwa nyuma yako mchana. Kila mtu anapenda ziwa, hata sisi, lakini weupe wa maji unaidanganya kamera, inadhani kuna mwanga wa kutosha, na uso wako unatoka mweusi kama sufuria. Ukitaka ziwa lazima, gusa uso wako kwenye kioo cha telefone kabla ya kupiga, au ngoja jua lishuke. Wale wenye flashi tunawaomba waizime. Inafanya kila mtu aonekane amekamatwa.

Kwa ba mama kulikuwa na shida ya pekee, na tusiifiche. Mwanamke akijipiga foto peke yake, watu wanauliza: "Anamutumia nani?" Wawili walikatazwa nyumbani. Hatukwenda kugombana na waume. Tulipendekeza kwamba foto ya kwanza ya kila mwanachama itolewe kwenye karatasi na ibandikwe ndani, mahali mume anapokula. Mmoja wa wale waume sasa anakuja Jumamosi, tena anatuchosha, maana anataka kupigwa na kila shati. Mwingine bado hataki, na mke wake haji. Tunampelekea salamu.

Lakini wasiwasi ule una sehemu ya kweli. Foto ya binti ikitoka kwenye telefone yako imekwenda, hairudi. Kwa hiyo tulijiwekea sheria: hakuna anayepeleka foto ya mwenzake kwa mtu mwingine bila kumuuliza, hata kama ni nzuri, hata kama ni kwa ajili ya muungano. Tulizima pia ile sehemu ya kamera inayoandika mahali ulipo. Na hatupigi askari, hatupigi bariere, hatupigi mpaka wa Kavimvira wala bandari ya Kalundu, hata ikiwa nyuma ya bega lako tu. Vijana wanajua kwa nini. Asiyejua amuulize aliyewahi kunyang'anywa telefone.

Sasa tupige nini? Hapa ndipo tulipobishana zaidi. Wengine walisema foto ni ya siku kubwa: arusi, ubatizo, kutoa mali, diplome, kilio. Siku hizo kuna fotografu wa kulipwa, anakuja, anapanga watu kama kambini, anakwenda. Hatuzikatai. Lakini siku kubwa ni ngapi katika maisha? Tulipatana kwamba kila mmoja achague kitu kimoja anachofanya siku zote, na ajipige akikifanya, mara moja kwa mwezi. Kuna anayejipiga anasuka. Kuna anayejipiga ameketi na kitabu cha hesabu za muungano, mweka hazina wetu, uso umekunjamana kila mwezi. Kuna mzee anayejipiga akinyolewa.

Mmoja alichagua nyumba yake. Anajenga polepole kwa tofali za kuchoma, akipata pesa anaongeza mstari. Kila akiongeza anaweka telefone kwenye lile jiwe moja, anasimama pale pale, anajipiga. Zimefika foto tisa. Ukizipanga mezani, ukuta unapanda nyuma yake, goti, kiuno, bega. Kwenye ya nne ukuta haukuongezeka na yeye amekonda, shingo imeingia ndani. Ilikuwa miezi alipougua kipindupindu. Hakutaka kuiweka ile ya nne. Mke wake ndiye aliyesema iwekwe, kwa sababu miezi ile ni yeye aliyekuwa anauza mihogo, na asipoonekana mgonjwa nani atajua nyumba ilisimama kwa nini?

Wafadhili, tunawaonyesha hizo tisa katika jarida hili, kwa ruhusa yake na bila jina lake. Mkopo wa kasha ya kijani uko ndani ya foto ya tano na ya sita. Kuanzia sasa, mkituomba foto za ripoti, mtapata za namna hii, zilizopigwa na wenyewe, na maneno ya chini yataandikwa na wenyewe. Komite imekubali. Mgeni akija na kamera yake tutamkaribisha, atakula na sisi, na atamuuliza mtu kwanza. Viatu havivuliwi tena.

Kuhusu kuhifadhi. Foto iliyo kwenye telefone tu bado haijakaa. Telefone inaibiwa, inaanguka majini, inauzwa siku ya shida. Chagua mbili au tatu kwa mwaka, uzitoe kwenye karatasi. Nyuma andika majina, mahali na tarehe, kwa kalamu ya risasi, maana wino unavuja ukiloa. Andika majina yote, hata ya mtoto ambaye kila mtu anamjua. Baada ya miaka ishirini hakuna atakayemjua. Usiibandike kwenye ukuta wa udongo. Iweke katika bahasha, bahasha ndani ya nailoni, nailoni juu karibu na kadi ya uchaguzi na karatasi za shamba, mahali mkono unapokwenda kwanza mkisikia kelele usiku. Na ukimtumia ndugu wa nje kwa WhatsApp, usiitume kama foto, itume kama dokima. Ukituma kama foto inapunguzwa, inafika imechoka. Akiihifadhi kule, basi iko mahali pawili, na mto wetu hauwezi kufika Marekani.

Mzee wa dirishani ametuuliza kabla ya mkutano kama foto inaweza kumsaidia mtu kwenye mambo ya shamba. Jibu ni kwamba haishindi karatasi ya shefu, msidanganyike. Lakini mtu aliyejipiga kwenye mpaka wake, na ule mti unaonekana, na tarehe iko nyuma, ana kitu cha kuweka mezani pale wazee wanapoanza kukumbuka tofauti.

Jumamosi hii tunakutana saa mbili asubuhi, nyumba yenye mlango wa bluu nyuma ya ofisi. Mwenye telefone ya vifungo aje pia, tutampiga na yetu, na yeye ndiye atakayebonyeza. Mjumbe wa kwenda labo anaondoka saa nne, mwenye pesa ya karatasi amkabidhi mkononi na jina liandikwe. Lete bidoni, tulizonazo mbili zinavuja. Na yule mama wa sufuria ametuambia anakuja na kikwembe kile kile na viatu vile vile, kwa hiyo tunaomba mtu amsaidie kubeba sombe.